Vyuma Viko Kwenye Droo ya Cherehani

Siku ya kwenda kwa Daktari Tutaona, nyumba iliamka kwa kelele kama ya arusi. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mgonjwa mwenyewe. Twiga alijigeuza ubavu kama alivyofundishwa hospitalini, akashusha miguu, akajisukuma kwa kiwiko mpaka akakaa, akavuta pumzi, akasimama. Hakushikwa na mtu. Kisha akapaza sauti:

"Mama! Shangazi! Bado mmelala? Au mnangoja mimi niwaletee chai kitandani?"

Mama Twiga alikuwa anapiga pasi gauni la binti yake, na pasi nusura iunguze kola. Aliiacha akakimbia. Akamkuta mwanawe amesimama wima katikati ya chumba, mrefu vilevile, kichwa kinakaribia kugonga taa, na mkanda wa mgongo keshaufunga mwenyewe.

"Wifi, njoo umwone mtoto!"

"Mtoto gani, huo mlingoti?" alijibu wifi yake kutoka jikoni. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe. Alikuja siku ya ajali, akasema anakaa siku mbili tatu tu, na mpaka leo kanda mbili zake ziko mlangoni.

Jina la Twiga lilianzia shuleni, wenzake wakimtania kwa urefu. Mwenyewe alilipenda, na alipokua urefu ukamlisha. Mama alishona mapazia, binti akaenda kuyatundika. Mafundi wengine walihangaika na ngazi ndefu, yeye alipanda ngazi fupi akanyoosha mkono na bomba la pazia analo. Hivyo ndivyo walivyoishi, mmoja kwenye cherehani na mwingine kwenye ngazi, mpaka siku ngazi ilipoteleza kwenye vigae vya ukumbi wa watu. Twiga akaanguka chali, na pingili moja ya mgongo ikavunjika.

Walimpasua. Wakamfunga pingili kwa vyuma na skrubu, akalala siku nyingi, akafundishwa kukaa, kusimama, kuburuta mguu, kisha kuunyanyua. Mungu ni mkubwa. Lakini kila mama yake alipomwuliza daktari wa mifupa swali, jibu lilikuwa moja.

"Atatembea kama zamani?"

"Tutaona."

"Mfupa utaunga?"

"Tutaona kwenye picha."

"Atapanda ngazi tena, daktari? Ndiyo kazi yake."

"Tutaona, mama. Tutaona."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini na mikono ya baridi. Ila hilo neno lake lilimkosesha Mama Twiga usingizi, na Twiga naye akambandika jina. Safari iliyopita, alipobanwa sana, daktari aliahidi kwamba wakija na picha mpya atawajibu waziwazi. Picha mpya ni leo. Sasa kwa nini nyumba isilipuke kwa furaha?

"Leo hatasema tutaona," Twiga aliapa huku anachana nywele. "Nikimwuliza ngazi, anijibu ndiyo au hapana. Akisema tutaona, namvua lile koti jeupe nashonea pazia la choo."

"Na mimi nakushikia mikono yake," alisema shangazi. "Twende zetu!"

Mama Twiga alicheka nao, lakini kicheko hakikushuka mpaka tumboni. Kulikuwa na jambo limemkaa kooni.

Ni ule mkanda.

Siku ya kutoka hospitalini Twiga alipewa mkanda mpana wa kitambaa kigumu, wa kuzunguka kiuno na mgongo. Mgongoni ulikuwa na mifuko myembamba iliyosimama, na ndani ya kila mfuko kipande cha chuma bapa, kilichokunjwa kufuata umbo la mgongo wake. Waliambiwa asikae wala kusimama bila huo mkanda. Basi, wakaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, wakaenda nyumbani.

Nyumbani Twiga akaanza kulalamika. "Mama, unanichoma! Nikiinama kidogo tu, unanichoma hapa chini ya mbavu."

Ukimwambia hivyo mama mwingine, labda atampaka mafuta. Lakini huyu alikuwa mshonaji. Tangu msichana alifundishwa kwamba nguo inayomchoma mvaaji imeharibika, na mteja akisema panambana, fundi hafanyi ubishi, anafumua. Wanafunzi wake mwenyewe aliwafundisha hivyo hivyo, na aliyebishana na mteja alimpiga rula ya vidole. Kwa hiyo hakuuliza mtu. Mchana mmoja Twiga amelala, alichukua wembe akafumua nyuzi, akachomoa vile vyuma kimoja kimoja, akajaza sponji mahali pake, akauwekea bitana ya buluu iliyobaki kwenye mapazia ya mteja, akapitisha mshono juu ulionyooka hata jicho halishiki. Vyuma akavitia kwenye droo ya cherehani, chini ya zipu na vifungo.

Twiga alipoamka na kuuvaa, alipiga yowe. "Mama, umeufanya nini? Kama nimevaa mto!"

"Nimeulainisha tu, mwanangu."

Tangu hapo mtoto akachangamka. Akawa anainama kufunga viatu. Akawa anaegemea meza kukata vitambaa. Uzi ukianguka, anauokota. Shangazi aliusifu ule mkanda kila alipopita, dukani, kwa jirani, hata kwa mtu anayesoma mita ya maji. "Wifi yangu ana mikono ya dhahabu! Kawashinda hospitali!" Na Mama Twiga alifurahi, kwa nini asifurahi? Mtoto wake alikuwa anacheka.

Kisha, siku za karibuni, ikaja ganzi kwenye mguu wa kushoto. "Kama sisimizi wanatembea ndani," alisema Twiga. Na maumivu yaliyokuwa yamekwisha yakaanza kupiga hodi jioni.

"Umelalia mguu," mama alimjibu upesi mno.

Wazo la vyuma lilimjia. Lilikuja upande upande, kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba, naye akalifungia mlango. Sponji itamdhuruje mtu? Akajiambia kliniki imekaribia, daktari ataangalia, daktari ndiye mwenye kujua. Ewe mama unayesoma, hapo ndipo pa kusimama ujiangalie. Daktari anajua alichokiweka yeye. Ulichokitoa wewe atakijuaje?

Hospitalini walipiga picha, wakakaa kwenye benchi la ukutani kusubiri. Ukumbi ulijaa watu wa magongo, watu wa plasta, watoto waliovunjika mikono kwa michezo. Shangazi hakuwahi kukaa mahali bila kupata marafiki, na kabla benchi halijapata joto alikuwa ameshaeleza ajali, upasuaji, na jina la daktari.

"Tutaona?" alicheka mzee mmoja wa gongo. "Na mimi ndiye wangu huyo! Nilimwuliza saa, akaniambia tutaona."

Benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni kuita jina, Twiga akasimama haraka, na kwa furaha akasahau hata kuaga.

Daktari alibandika picha kwenye ubao wenye taa. Mgongo wa Twiga ukaonekana, mweupe, na skrubu zake ndani kama misumari ya fremu. Daktari alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Skrubu zimekaa palepale nilipoziweka," alisema. "Na mfupa umeanza kuunga. Mnaona hapa? Umeanza vizuri."

Twiga alipiga makofi. Shangazi alipiga kigelegele kimoja kifupi, muuguzi akamtolea macho, akakikata katikati.

"Sasa nikuulize wewe," daktari alimgeukia Twiga. "Maumivu?"

"Yalikwisha, lakini siku hizi yamerudi kidogo. Na huu mguu una ganzi. Sisimizi."

Uso wa daktari ulibadilika. Alimvua Twiga mkanda, akautundika kwenye kiti bila kuutazama. Akamlaza, akamgonga goti kwa kinyundo, akamsukuma nyayo na kumwambia asukume naye, akamgusa vidole kimoja kimoja huku Twiga amefumba macho. Akamwuliza kama haja ndogo anaipata vizuri. Anaipata. Ameanguka? Hapana. Amebeba kitu kizito? Hapana.

"Mkanda unauvaa?"

"Nikiamka nauvaa, nikilala ndio nauvua. Mwulize mama."

"Anauvaa, daktari," alisema Mama Twiga. Halikuwa neno la uongo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Daktari alisimama, mikono kiunoni. "Basi sielewi. Nguvu za mguu zipo. Skrubu hazijasogea. Mfupa unaunga. Mkanda umevaliwa kama nilivyosema. Lakini mshipa wa fahamu unalalamika. Kama mkanda umefanya kazi yake na ganzi bado imekuja, huenda ndani kuna kitu kinaugusa. Itabidi tukulaze leo. Tupige picha ya mashine kubwa, na huenda nikalazimika kufungua tena."

"Kufungua tena?" Sauti ya Twiga ilitoka ndogo, si ya mtu wa urefu ule. "Ndiyo au hapana, daktari?"

"Tutaona."

Safari hii hakuna aliyecheka. Twiga aligeuza uso ukutani.

Mama Twiga alitazama kiti. Mkanda ulikuwa umening'inia, bitana ya buluu imegeukia nje, mshono umenyooka, mzuri. Muda wote ule alikuwa anamtaka huyu mtu ajibu waziwazi. Kumbe leo mtu mwenyewe ameuliza waziwazi, na jibu liko kwake yeye, ndani ya mdomo, limefungwa. Akiliacha likae, mwanawe anapasuliwa. Akilitoa, mwanawe atajua nani kamharibia.

"Daktari," alisema. "Vyuma viko kwenye droo ya cherehani."

Daktari aligeuka haraka kuangalia picha ubaoni, kama mtu anayehakikisha skrubu zake hazijatoroka. "Vyuma gani?"

"Vya mkanda. Nilivitoa mimi. Nikaweka sponji. Ulikuwa unamchoma."

Daktari aliushika mkanda, akaukunja. Ukakunjika kama taulo.

"Wifi!" Shangazi alishika kifua. "Mkanda huu huu? Niliousifu mpaka kwa msoma mita?"

"Huu huu."

Twiga alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alimtazama mama yake, akautazama mkanda.

Daktari alivuta kiti, akakaa mbele ya Mama Twiga, magoti yao karibu kugusana. Hakugomba. "Mama, sikiliza. Ule mchomo ndio ulikuwa kazi yake. Mgonjwa akitaka kuinama, chuma kinamchoma, ananyooka. Kinamkumbusha kila dakika, wewe na mimi tukiwa tumesahau. Ulipotoa mchomo, ulimwambia mgongo wake umeshapona."

"Na kama ulikuwa unamchoma hata amenyooka?"

"Ungeniambia. Mlango wa pili hapo yupo fundi wa mikanda, angevikunja upya mkiwa mnangoja. Kwa nini hukuniambia?"

Mama Twiga alijifuta uso kwa kiganja. "Niliona aibu kukusumbua. Maswali makubwa yote unasema tutaona. Nikaona hili la mkanda ni dogo mno, la kushona tu, hilo nalijua mimi."

Daktari alitikisa kichwa. "Hapo na mimi nina langu. Nilitakiwa kuwaeleza mkanda ni wa nini, si kusema vaa tu." Akasimama. "Hivyo vyuma vinapatikana upesi? Vimekunjwa kwa mgongo wake, sitaki vingine."

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Shangazi alikuwa nje zamani, anaita pikipiki kama anaita watu wazime nyumba inayoungua.

Ukumbini habari iliwafika watu bila kupelekwa. Mama Twiga aliketi benchini anafumua bitana yake mwenyewe kwa mkasi aliokopeshwa na muuguzi, sponji inamwagika mapajani. Twiga alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu pembeni yake, maana bila mkanda hakuruhusiwa kukaa.

"Mwanangu, nisamehe."

Mama aliendelea kufumua bila kuona sawasawa.

"Mama," Twiga alisema hatimaye, "mkanda wa hospitali ukageuka mto, na mimi mtu mzima sikujiuliza hata kidogo. Nikaenda kuinama kama mfua nguo. Tugawane." Kisha akaongeza, "Ila ukiitoa hiyo bitana ya buluu hatusameheani."

Mzee wa gongo ndiye aliyeanza kucheka.

Shangazi alirudi mbio, kofia ya pikipiki bado kichwani, amekumbatia droo nzima ya cherehani. "Sikujua ni vipi!" alihema. "Kuna vyuma, kuna sindano, kuna mkasi, kuna zipu, kuna na picha ya marehemu kaka yangu. Nimekuja navyo vyote!"

Vyuma vilikuwepo chini. Fundi wa mikanda alitoka mlango wa pili, akavipima kwenye mgongo wa Twiga, akakinyoosha kidogo kimoja kilichokuwa kinagusa ubavu bila sababu, akamwonyesha Mama Twiga upande wa juu na upande wa chini. Na Mama Twiga akashona kwa mkono. Watu wa plasta na magongo walisogea kumzunguka, kila mmoja anatoa amri.

"Vuta uzi, mama!"

"Mwacheni apumue!"

"Ana mkono mwepesi huyu, hebu ona!"

Alirudia kila mfuko mara mbili, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Wakamfunga Twiga mkanda akiwa amelala, wakamgeuza ubavu, akajisukuma kwa kiwiko, akasimama. Twiga akajaribu kuinama kidogo, kidogo tu.

"Unachoma!" alipiga kelele. "Mama, unachoma!"

Ukumbi mzima ulipasuka kwa shangwe. Magongo yaligongwa sakafuni. Shangazi alitoa kigelegele kile alichokatishwa asubuhi, akakimalizia chote, na muuguzi safari hii alimsaidia. Mama Twiga alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anarudia kama amechanganyikiwa, "Unamchoma! Unamchoma mwanangu! Asante Mungu!"

Hawakuondoka hapo hapo. Daktari aliagiza picha ya mashine kubwa ipigwe ili asibahatishe, na wakati wa kungoja Twiga akatembea ukumbini taratibu, amenyooka, akapumzika, akatembea tena. Jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili walipoitwa ndani.

"Sisimizi?" aliuliza daktari.

"Wamebaki wachache. Wavivu vivu."

Alimgonga goti tena, akamsukuma nyayo tena. Akatazama picha mpya. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivuta kiti akakaa kabla hajaulizwa.

"Hakuna kinachoshika mshipa. Umesumbuliwa tu na kule kuinama, utatulia. Kwa hiyo kufungua tena, hapana. Kulazwa, hapana. Mkanda na vyuma vyake, ndiyo, mpaka mimi niseme basi. Mkiona mguu unalegea, au haja ndogo inagoma, au ganzi inapanda mapajani, msingoje kliniki. Mnakuja saa hiyo hiyo, hata mkiwa mmevaa nguo za kulalia."

"Ndiyo daktari," walianza kuitikia wote, kisha Mama Twiga akajikamata. "Ngoja kwanza. Kulegea kukoje? Nionyeshe."

Daktari alimwonyesha, kwa mguu wake mwenyewe, unyayo ukiburuta sakafuni. Mama Twiga akarudia kwa mguu wake, mpaka akaridhika.

"Na ngazi?" Twiga aliuliza. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Daktari alifungua mdomo, na wote watatu waliliona neno likija. Akalimeza.

"Mwaka huu, hapana. Hata ngazi fupi, hata kiti. Mwakani, mfupa ukimaliza kuunga kama ulivyoanza, ndiyo."

"Rudia ya mwisho."

"Ndiyo."

"Koti lako limepona," alisema Twiga, na daktari hakuelewa, na hakuna aliyemweleza kwa sababu walikuwa hoi kwa kicheko.

Walitoka ukumbini shangazi akiwa mbele na droo yake kama amebeba keki. Walipofika mwisho wa benchi, mwanamke mmoja alimshika Mama Twiga mkono. Pembeni yake alikaa binti yake mdogo, shingo imefungwa kola ngumu.

"Mama fundi," alinong'ona, "nimeona mikono yako. Hii kola inambana sana mwanangu, analia. Hebu nitolee huu ubao wa mbele tu. Nina wembe hapa kwenye mkoba."

Mama Twiga aliutazama ule wembe. Akauchukua, akautia kwenye droo, chini ya zipu na vifungo. Kisha akamshika yule mama mkono, akamwinua benchini, yeye na mtoto wake, akarudi nao mpaka mlango wa Daktari Tutaona, akaugonga kabla muuguzi hajamwahi.

"Daktari," alisema, "huyu ana swali. Na usimwambie tutaona."